AMEPIGA PICHA SKRINI YANGU KWA SIMU!!! (na mnamjua)

Kisima_Kikavu (mleta uzi)
Wakuu, leo sina salamu. Nimeshuka ngazi za Nasser Road, mtaa wa wachapaji, sasa hivi, mikono bado inatetemeka.

Simtaji. Mnamjua. Yule wa ghorofani, mwenye feni linalopiga kelele kuliko mashine zake, anayekuita "profesa" huku anakuhesabia kurasa za rangi mara mbili. Kila aliyewahi kujalidi tasnifu Kampala amepita mikononi mwake.

Miezi minne nimechora ramani ya visima vya Wilaya ya Pakwach kwa Inkscape, programu ya kuchorea, kisima kimoja kimoja. Ni SVG, mchoro wa mistari, si picha ya nukta. Ni maandishi ya XML, alama za kuielekeza kompyuta, yanayosema mstari uanzie hapa, upinde pale. Ikuze ifunike kilima chote cha Kibuli, mistari itabaki mikali kama wembe. Nikaiingiza kwenye tasnifu kwa LibreOffice, programu ya kuandikia kama Word, nikaihifadhi kwa faili lake la ODT, nikatia kwenye flashi.

Yeye akaifungua kwa Word ya enzi za Nuhu. Ramani hakuna. Kisanduku cheupe na X nyekundu, kama vile nimefeli. Nikamwambia, ssebo (bwana), Word yako haiijui SVG, kompyuta yangu hii hapa, nipe dakika mbili nikutolee EMF au PNG kubwa, aina za picha ambazo Word yako inazijua. Nikafungua ramani.

AKATOA SIMU.

Akainama, akapiga picha skrini yangu. Kacha! Mimi nainama kutafuta soketi ya chaja, yeye keshaibandika ukurasa wa 47 na nakala tano zinatoka.

Taa ya tyubu imelala katikati ya Mto Nile. Ukitazama haraka utadhani Pakwach imepata daraja la pili. Mji wa Panyimur umezama kwenye kivuli cha kichwa chake. Na kwenye kona, betri: asilimia 11! Tasnifu yangu ina betri, banange!

Nikapiga kelele. Akanijibu mbele ya foleni nzima: "Profesa, si inaonekana?"

Foleni ikacheka. Nikalipa. Hata sijui kwa nini nimelipa.

Mama_Pilau
Asilimia 11 😂😂😂 Chaji kwanza, dada, msimamizi asije akazimikiwa katikati ya sura ya nne.

Afande_Mstaafu
Ulishindwaje kupeleka PDF? Jeshini tungekupa adhabu wewe, si yeye.

Kisima_Kikavu
Afande, PDF haitaki! Anasema haimruhusu kusogeza ukingo wa kujalidi. Lakini picha ya simu yenye kichwa chake, hiyo inaruhusu!

Msomi_Asiyelala
Mleta uzi ana haki ila analaumu mtu mdogo. SVG ni kiwango cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, tangu 2001. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo anaweza kuwa na mtoto wake. Word ya 2007, ya 2010, hata ya 2013, zote haziwezi kuisoma.

Tena ODT na DOCX, faili la Word, zote ni zipu yenye XML ndani. Chukua docx yoyote, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, fungua, utakuta folda ya word na ndani yake media, picha zako zimelala humo. Word mpya ikipokea SVG huiweka pamoja na PNG ya akiba, kwa ajili ya wazee wasioiona. Michoro yao wenyewe iko kwa DrawingML, lugha yao ya kuchorea, inayopimwa kwa EMU, kipimo chao kidogo sana, 914,400 kwa inchi moja, kama wanauza dhahabu. Na bado wanabeba VML, lugha yao ya kuchorea ya 1998, kwa ajili ya mafaili ya zamani. ODF, kiwango kilichoizaa ODT, nayo isijitie utakatifu: imeazima majina kama svg:width na svg:x, lakini si SVG yenyewe, jina lenyewe linasema "svg-compatible", yaani inayopatana na SVG. Kuvaa jezi si kuchezea timu.

Mama_Pilau
Nimesoma mpaka "zipu" nikaenda kugeuza mandazi.

Boda_wa_Wandegeya
Kwa hiyo XML na XML haziongei? Ndugu wa tumbo moja?

Msomi_Asiyelala
XML ni herufi tu, mkuu. Kiswahili na Kiingereza vyote vinaandikwa kwa a, b, ch. Mbona hupatani na abiria Mzungu?

Boda_wa_Wandegeya
Napatana naye sana, analipa. Nyinyi wasomi ndio hamlipi. Juzi nimembeba mmoja na tasnifu zake sita hadi getini, akaniambia ngoja nitoe pesa. Namngoja mpaka leo.

Kisima_Kikavu
Wakuu tusitoke kwenye mada. ALITOA SIMU. Kompyuta iko wazi mbele yake, faili liko hapo, yeye anatoa simu!

Harusi_Desemba
Wewe una bahati. Mimi alinichapia huyohuyo, kadi mia mbili. Fonti niliyoteua hana, kompyuta ikachagua yake. Jina la bwana harusi likakatika, likashuka mstari wa chini, upande wa jina la shangazi. Ukumbini watu wanamtafuta bwana harusi wa pili.

Afande_Mstaafu
Mhuri wa chama chetu aliuchonga MWENYEKTI. Tumeutumia miaka miwili. Sasa tukiandika kwa usahihi, benki wanakataa.

Mama_Pilau
😂😂😂 Afande nimekufa

Kisima_Kikavu
Nani amewahi kudai pesa pale akarudishiwa?

Boda_wa_Wandegeya
Hakuna. Ila chini ya ngazi zake kuna kijana wa rolex, chapati ya kukunja na mayai, nenda ukapoze moyo. Mayai mawili, kabeji nyingi.

Harusi_Desemba
Kabeji nyingi ni wizi. Ni ya kuficha kwamba yai ni moja.

Afande_Mstaafu
Rolex bila kabeji ni chapati iliyolowa. Nitabishana na yeyote.

Kisima_Kikavu
Jamani, tasnifu inakabidhiwa Ijumaa.

Mama_Pilau
Na nyanya je? Mnaziweka mbichi au zinakaangwa na yai?