Mbwa tuliyepewa bure anatugharimu kiasi gani kwa kweli? Naomba ushauri

Mama wa Daftari:

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninaishi Goba, Dar es Salaam, pamoja na mume wangu, watoto wetu wawili na dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Mwaka jana rafiki wa mume wangu alitupatia mbwa jike bila malipo, kwa kuwa madume yote ya uzao ule yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa na majike hayakuwa na wa kuyataka. Watoto walimwita Askari, na kwa upande wa ulinzi sina la kulalamika, maana tangu awe mkubwa hakuna aliyethubutu kuruka ukuta.

Tatizo langu ni hesabu. Katika nyumba hii mimi ndiye ninayeshika daftari la matumizi, na kabla mbwa hajaletwa mume wangu alinihakikishia kwamba shilingi 15,000 kwa mwezi zingetosha kwa dawa na sabuni, kwa sababu chakula chake kingekuwa makombo. Makombo hayo hayapo. Tunapika kipimo chetu na sufuria inarudi jikoni imekwanguliwa, kwa hiyo bila mtu yeyote kukaa na kuamua, dada alianza kusonga ugali wa pembeni kila jioni. Nilipompimia unga nikaona ni nusu kilo ya dona kwa siku, yaani kilo 15 kwa mwezi, ambazo kwa bei ya duka letu ni shilingi 24,000. Vichwa na miguu ya kuku vya kuchanganyia ni shilingi 30,000 nyingine.

Kilichonishangaza zaidi ni gesi. Mtungi wa kilo 15 ulikuwa ukitutosha siku 40. Sasa unakwisha siku ya 27, kwa sababu sufuria ya Askari hukaa motoni muda mrefu kuliko chakula cha sisi wote. Kwa mtungi wa shilingi 58,000, tofauti hiyo ni karibu shilingi 21,000 kwa mwezi. Ukijumlisha unapata shilingi 75,000, na hapo dawa hata moja haijanunuliwa. Mume wangu anasema ninamwonea mbwa kwa kumwandikia mpaka gesi. Sina nia ya kumtoa, ila ninaomba mnisaidie mambo mawili: nipunguze wapi, na ni gharama zipi ambazo sijaziandika bado?

Kijana wa Buchani:

Dada, gesi hujakosea kuiandika, lakini hakuna ulazima wa kuitumia. Hivyo vichwa na miguu vinaweza kuchemkia kwenye jiko la mkaa mchana kutwa bila kusimamiwa, na chenga za mkaa zilizobaki chini ya gunia zinatosha kabisa kazi hiyo. Pika mara mbili kwa wiki, uweke kwenye friji katika mafungu ya siku. Vilevile zungumza na mwenye bucha ulilozoea akuwekee mapafu na masalia ya kusafishia nyama kwa bei ya jumla. Sisi huwa tunayauza kwa wafugaji, na mteja anayekuja siku ile ile kila wiki tunampunguzia. Jambo moja tu la kuangalia: mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, kwa sababu hupasuka vipande vyenye ncha na kuweza kumkwama kooni au kumtoboa utumbo. Miguu chemsha hadi ilainike, kisha chambua mifupa.

Mzee wa Kiluvya:

Binti yangu, nimefuga mbwa tangu nilipohamia shamba, na ninakwambia kwamba daftari lako limeandika upande wa jikoni pekee. Upande wa nje ya geti bado hujaufungua.

Mbwa wangu wa pili aliponyoka mnyororo siku moja asubuhi akaingia kwa jirani, na jirani akaja kwangu ameshika mitetea miwili kwa miguu, vichwa vinaning'inia, hasemi neno. Nililipa shilingi 50,000 papo hapo na sikubishana, kwa maana jirani wa shambani ndiye atakayekuitia watu nyumba ikiungua. Baada ya hapo ndipo nilipomwita fundi wa kuchomelea akaziba nafasi chini ya geti, nikanunua mnyororo mzito na kufuli, na kujenga banda la mbao lenye mabati mawili. Fedha hizo zote ningezitumia mapema ningewaokoa kuku wa watu.

La pili ni kubwa zaidi. Kijana aliyekuwa akituletea maji aliumwa kwenye shavu la mguu. Tulimwosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kama tulivyofundishwa, kisha nikamsindikiza hospitali, ambako alipangiwa sindano kadhaa za kinga ya kichaa cha mbwa kwa tarehe tofauti. Sindano hizo nilizilipia mimi, na nauli yake ya kila safari pia, pamoja na siku alizokosa kazi. Mbwa wangu alikuwa amechanjwa, lakini kadi ya chanjo sikuweza kuiona ilipo, na bila kadi neno la mwenye mbwa halina uzito kwa daktari wala kwa mama wa mtoto wa watu. Itunze kadi hiyo pamoja na hati ya kiwanja chako.

La mwisho, umesema ni jike. Je, amekwisha kupata joto, yaani siku za kutaka dume? Likija, madume ya mtaa mzima yatalala getini kwako, yatachimba chini ya ukuta, na baada ya siku sitini na tatu hivi utakuwa na midomo minane badala ya mmoja. Ulizia bei ya kumfunga kizazi, kisha uilinganishe na unga wa mbwa wanane.

Tabibu wa Mifugo:

Mzee amenitangulia katika mengi, kwa hiyo nitajikita kwenye dawa, kwa sababu hapo ndipo ninapoona watu wakipoteza fedha wakidhani wanabana matumizi.

Kupe wa mbwa haishi juu ya mbwa muda wote. Akishiba damu hujiachia, hupanda ukutani au kwenye nyufa za banda, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu humo. Mfugaji anayemwogesha mbwa dawa kila wiki huku banda likibaki vilevile anafanya kazi ya kujaza ndoo inayovuja. Siku unayomwogesha, nyunyizia dawa kwenye nyufa, choma matandiko ya zamani, na ziba mipasuko kwa saruji. Kupe hao ndio wanaosambaza vimelea vya damu, na tiba ya ugonjwa mmoja wa namna hiyo, pamoja na vipimo na safari za daktari, huzidi dawa ya kinga ya miezi mingi.

Dawa ya minyoo kwa mbwa mkubwa ni takriban kila baada ya miezi mitatu, nayo hutolewa kwa uzito wa mwili. Wengi hukisia. Simama kwenye mizani ukiwa umembeba mbwa, kisha simama peke yako, utoe tofauti. Huduma hiyo haina gharama yoyote. Na ninawasihi sana msimchome mbwa sindano ya ng'ombe iliyobaki kwa jirani kwa sababu tu ni ya bure. Nimeshaletewa mbwa wanaotetemeka na waliopofuka kwa kuzidishiwa dawa ya aina hiyo.

Kuhusu kichaa cha mbwa, chanjo ni ya kila mwaka. Waulize maofisa mifugo wa kata yako, hasa inapokaribia tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa kuwa halmashauri nyingine huendesha kampeni za kuchanja bila malipo wakati huo.

Binti Pangani:

Mimi ni mtu wa paka, na mbwa ninawatazamia mbali, lakini kuna gharama moja ambayo sijaiona hapo juu. Mnaposafiri mnamwachia nani? Nilipokwenda kwa wazazi siku kumi, kijana niliyemwachia paka wawili alitaka posho, na dagaa niliowanunua nikiwa nimepanga watoshe mwezi niliwakuta wamekwisha. Sikuuliza waliliwa na nani.

Mama wa Daftari:

Shikamoo Mzee, na nawashukuru nyote. Dada Binti Pangani, umegusa penyewe: kila Desemba tunakwenda Moshi kwa wakwe, basi halichukui mbwa, na mwaka jana tulimlipa mlinzi wa nyumba ya tatu shilingi 40,000, ambazo niliziandika chini ya safari kana kwamba ni nauli ya mtu. Nilipolipekua daftari kwa macho mapya nikakuta mengine ya namna hiyo. Waya wa pampu ya maji uliotafunwa ulikuwa chini ya matengenezo ya nyumba. Kiatu kimoja cha mgeni wetu wa siku ya kipaimara kilikuwa chini ya zawadi.

Nimemfungulia Askari ukurasa wake. Mume wangu ameusoma, akanyamaza kwa muda, kisha akasema gesi iondolewe kwa sababu kuanzia Jumamosi yeye mwenyewe atakuwa anawasha mkaa. Fundi atakuja kuziba chini ya geti, na kadi ya chanjo nimeipata ndani ya kabati la vyombo. Mzee, joto lilikwisha kuja mara moja na tulimfungia stoo kwa wiki tatu, kwa hiyo suala la kizazi ninalichukulia kwa uzito.

Tabibu, tumempima kama ulivyoelekeza, ni kilo 23. Vidonge vya minyoo tulivyonavyo vimeandikwa kimoja kwa kilo 10. Je, tumpe viwili, au vitatu?

Tabibu wa Mifugo:

Soma maelezo yaliyo ndani ya boksi, kwa sababu vidonge vingi vya aina hiyo vina alama ya kukatia na huruhusu nusu. Kama vyako ni hivyo, mpe viwili na nusu, ukivificha ndani ya donge la ugali. Andika tarehe kwenye ukurasa wake, na siku ya kumpeleka kuulizia upasuaji usimlishe asubuhi, huenda daktari akawa na nafasi siku hiyo hiyo.