Michoro ya mkaa ya Rayyane Tabet: mbona mistari inatoka miwili miwili?

Mpenda_Nakshi
Wakuu, nauliza kuhusu "Orthostates" ya Rayyane Tabet wa Lebanon: anafunika karatasi juu ya mawe ya nakshi ya Tell Halaf, Syria, kisha anasugua mkaa. Nikijaribu njia hiyo kwenye kigae cha nakshi, mistari hutoka miwili miwili na mashimo hujaa weusi. Kosa liko wapi? Na kwa nini Tabet asipige picha tu?

Fundi_Mkaa
Mistari miwili maana yake karatasi imesogea. Hata milimita moja inaharibu. Tumia karatasi nyembamba yenye nyuzi ndefu, kama ya Kijapani. Ile ya kuchapia ni ngumu, hupasuka kwenye ncha za jiwe. Bana ukingo wa juu kwa utepe wa karatasi, ivute chini, ndipo ubane pande zilizobaki. Pitisha brashi laini, kavu, mpaka nakshi ianze kujichora yenyewe.

Weusi mashimoni unatokana na kutumia ncha ya mkaa. Laza kipande ubavu, sugua kwa mkono mwepesi kutoka katikati kwenda nje. Kupita mara nne kwa wepesi ni bora kuliko mara moja kwa nguvu. Vumbi likizidi usilifute: simamisha karatasi, igonge kwa nyuma. Dawa ya kushikiza nyunyizia kutoka sentimita 30 hivi, tabaka mbili nyembamba. Ukilowesha, mkaa unatembea.

Fanyeni kwenye nakala ya plasta. Jiwe la makumbusho haliguswi bila ruhusa!

Binti_Basalti
Kuhusu picha: kamera huchukua na kivuli. Mkaa hushika kilichoinuka tu, kwa ukubwa wake halisi, na kila ufa. Kwa mawe haya, ufa ndio habari yenyewe. Makumbusho ya Max von Oppenheim, Mjerumani aliyeyafukua mawe ya Tell Halaf, huko Berlin yalipigwa bomu 1943. Moto uliyapasha mawe, maji baridi ya wazima moto yakaipasua basalti, jiwe jeusi la volkano. Ya chokaa yaliangamia. Vipande kama 27,000 vilianza kuunganishwa 2001.

Mengine yako makumbusho ya Louvre, Paris, na manne makumbusho ya Met, New York, yaliyotaifishwa Marekani 1943 kama mali ya adui. Tabet, kitukuu wa Faek Borkhoche aliyekuwa katibu wa Oppenheim 1929, huyafuata jumba kwa jumba. Mawe hayawezi kurudi pamoja. Karatasi zinapangwa ukuta mmoja.

Mpenda_Nakshi
Mkaa wa vijiti au wa kubanwa?

Fundi_Mkaa
Wa kubanwa. Wa vijiti hudondoka kabla hujaunyunyizia dawa.