Gipsy Moth ya 1/72: bawa la juu linakaa upande, na rangi ya fedha inaanika kila mkwaruzo

Nondo72
Wakuu, habari. Naunda modeli ya ndege ya mabawa mawili, de Havilland DH.60G Gipsy Moth, skeli ya 1/72, nia ni itoke kama Jason, yenye namba ya usajili G-AAAH, ile aliyoirusha rubani Mwingereza Amy Johnson kutoka Croydon, Uingereza, hadi Darwin, Australia, Mei 1930. Seti ni ya zile zinazotolewa kwa idadi ndogo: hakuna pini za kuunganishia. Kiwiliwili na mabawa ya chini yameshakauka. Nikijaribu bawa la juu, ncha ya kushoto inapanda kama milimita 2 na nguzo zinazolishika zinachomoka. Zianze nguzo zipi? Nyaya za kati ya mabawa zifungwe kabla ya rangi au baada? Na mabawa niliyapiga silva (rangi ya fedha) kwa majaribio, mikwaruzo yote ya msasa imejitokeza. Tena, nina seti ya ziada ya Tiger Moth, ndege nyingine ya de Havilland, kabatini. Naweza kuazima nguzo zake?

BawaMbili
Nguzo za Tiger Moth ziache. Bawa lake la juu limesogezwa mbele na mabawa yote yanarudi nyuma kwenye ncha, hivyo nguzo zake zina mlalo tofauti. Hata pua haifai, kwa kuwa injini ya Tiger Moth imepinduliwa, silinda chini, na ya Gipsy Moth imesimama, silinda juu.

Kosa la wengi ni kubandika nguzo zote nane kwa mpigo mmoja. Anza na nne za katikati, zinazoshika tangi la petroli juu ya kiwiliwili. Tumia gundi ya plastiki ya tyubu, siyo ile ya majimaji na siyo supaglu, maana unahitaji kama dakika kumi za kuzisogeza. Lakini kwanza kata kadibodi ngumu mbili zenye urefu sawa kabisa, zisimamishe kati ya bawa la chini na la juu, moja kila upande, karibu na zinapokaa nguzo za nje. Laza bawa la juu bila gundi, litulize kwa vibanio vya nguo vilivyolegea, kisha litazame kwa mbele: lazima lilingane na bawa la mkia. Kutoka ncha hadi ncha ni milimita 127, kwa hiyo hitilafu ya milimita 1 tu huonekana ukiwa mlangoni. Nguzo za katikati zikilingana, ziache saa 24. Zile nne za nje zinakuja mwisho kabisa, baada ya rangi.

Zinazochomoka ni kwa sababu zimesimama juu ya plastiki laini bila shimo. Toboa shimo la milimita 0.4 kwenye kila mguu wa nguzo, ingiza kipande cha waya wa shaba, na toboa shimo la namna hiyo kwenye bawa. Kazi inachosha, ila bila hiyo nyaya zitang'oa nguzo.

MsasaMaji
Kuhusu silva: mabawa ya Moth ni kitambaa kilichopakwa dopu (vanishi ya kukaza kitambaa) yenye unga wa alumini. Hayang'ai kama sufuria mpya. Rangi ya kuakisi kama kioo ndiyo inayofichua mikwaruzo, na pia si sahihi. Ondoa uliyopiga, sugua kwa msasa wa maji namba 600, halafu 1000, piga praima (rangi ya msingi) ya kijivu, tazama kwa taa ya pembeni, ziba palipokwaruzika, praima tena. Kisha silva nyembamba mara tatu, ukingoja kila tabaka likauke. Kingo za nyuma za mabawa zikiwa nene, zipunguze kwa upande wa chini sasa hivi, kabla ya praima.

Kiwiliwili cha Jason ni kijani kizito cha chupa. Kipige baada ya silva, na mabawa uyafunike. Stika zibandike juu ya vanishi ya kung'aa tu. Juu ya rangi isiyong'aa, hewa hunasa chini ya stika na herufi za G-AAAH zitaonekana na ukungu mweupe. Ukiuona, toboa kwa ncha ya sindano na weka tone la dawa ya kulainisha stika.

Na kabla hujafunga kiti cha mbele, angalia picha za 1930. Jason ilibeba matangi ya ziada ya petroli.

UziNaUdi
Nyaya ni baada ya rangi na stika, lakini mashimo yatobolewe kabla ya praima, biti ya milimita 0.3. Uzi wa nailoni wa milimita 0.08 unatosha, mnene zaidi utafanana na kamba ya kuanikia. Funga ncha ya juu kwa tone dogo la supaglu, pitisha uzi kwenye shimo la bawa la chini mpaka utokeze, ning'iniza kibanio cha nguo kama uzito, gundi, kata kwa wembe mpya, ziba, gusa rangi. Anza na za katikati, kisha nje, ukibadilishana kushoto na kulia. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, bawa litavutwa, na zile milimita 2 zako zitarudi.

Uzi ukilegea, kijiti cha udi kinachofuka, ukipitishe umbali wa kama sentimita 1 bila kugusa. Unajikaza wenyewe. Ukisogeza karibu zaidi, unakatika.

Nondo72
Asanteni sana. Je, vanishi ya mwisho ipigwe kabla ya nyaya?

UziNaUdi
Ndiyo. Vanishi juu ya nailoni hukusanya matone madogo, nayo hayatoki bila kukata uzi.