William Froude alipimaje meli kubwa kwa modeli ya nta?

Swali

Salaam, wanajukwaa. Katika masomo ya uundaji wa meli namkuta kila mara mhandisi Mwingereza William Froude (1810–1879). Iweje modeli ya futi chache inayokokotwa ndani ya tangi ioneshe nguvu inayohitajiwa na manowari nzima, ilhali maji hayapungui uzito wala unato kwa kuwa chombo kimepunguzwa?

Jibu la kwanza

Ndugu, shaka hiyo walikuwa nayo hata wahandisi mashuhuri wa zama zake, akiwemo John Scott Russell. Froude aliugawa ukinzani sehemu mbili: msuguano wa maji kwenye ganda la chombo, na nguvu inayopotea katika kuzusha mawimbi. Msuguano aliupima peke yake kwa kukokota mbao nyembamba zenye urefu na nyuso tofauti; mawimbi ndiyo aliyoiachia modeli. Sharti lake ni kwamba mwendo upunguzwe kwa kufuata kipeuo cha pili cha urefu. Meli ya futi 160 ikienda maili 10 za baharini kwa saa, modeli yake ya futi 10 hukokotwa kwa maili 2.5, na hapo mawimbi ya omo na tezi hujipanga kwa umbo lile lile. Ukinzani wa mawimbi huzidishwa kwa 4,096, yaani 16 kwa kipeo cha tatu, kisha msuguano wa meli yenyewe hukokotolewa kando na kujumlishwa. Kwangu mimi, utenganisho huo ndio kazi yake kubwa kuliko tangi lenyewe.

Jibu la pili

Naunga mkono, ila tusisahau kwamba alikwenda kuthibitisha baharini. Mwaka 1871 manowari Greyhound, yenye futi 172, ilikokotwa na meli nyingine, Active, kwa kamba iliyofungwa kwenye boriti ndefu iliyotokeza ubavuni, ili isipite katika maji yaliyokwisha kuvurugwa na meli iliyotangulia. Mkazo wa kamba uliafikiana vizuri na matokeo ya modeli. Tangi lake la Torquay, kusini-magharibi mwa Uingereza, lilianza kazi mwaka 1872, na alipendelea nta kwa sababu huchongeka upesi na huyeyushwa tena umbo jingine linapotakiwa.

Muulizaji

Ahsanteni sana, sasa nimeelewa. Je, kazi hiyo iliendelea baada yake?

Jibu la pili

Iliendelea. Froude alifariki Simon's Town, Afrika Kusini, mwaka 1879, akazikwa kwa heshima za kijeshi. Mwanawe, Robert Edmund, aliyekuwa msaidizi wake, alishika usukani na mwaka 1886 akaihamishia kazi hiyo Haslar, karibu na Portsmouth.