Risiva za maiki zinachemka mpaka zinazima, niko Bagamoyo, msaada wakuu

sauti_pwani: Wakuu habari za saa hizi. Tunashuti tamthilia pale magofu ya Kaole, leo siku ya tatu, na risiva za maiki za kubandika, vile visanduku vinavyopokea sauti ya maiki kwa mawimbi, zinanitesa. Asubuhi zinapiga kazi vizuri tu, ikifika saa sita mchana begi ninalobebea hizo risiva linakuwa la moto hata risiva huishiki, halafu moja inazima yenyewe katikati ya sini, nikifungua begi ikapoa kama dakika kumi inawaka tena. Ninazo mbili za chaneli mbilimbili pamoja na mikisa ya kuchanganyia sauti, zote zinakula betri moja. Begi nalifunika nailoni maana upepo una chumvi. Jana dada mmoja alilia machozi ya kweli, sauti ikakata. Iliniuma sana.

mama_bumu: Pole kaka. Kwanza tujue, inapokata taa ya risiva inazimika au inabaki ila mita ya mawimbi ndo inashuka? Ikibaki basi kaangalie antena na masafa, joto unalisingizia.

sauti_pwani: Inazimika kabisa dada.

fundi_raskazone: Basi ni joto hilo, au waya wa pawa umelegea, shika na plagi uone kama nayo inaunguza. Sasa sikia mkuu, risiva hairushi kitu hewani, inapokea tu, kwa hiyo karibu kila wati inayokula inaishia kuwa joto. Soma mita ya betri yako, ukikuta volti 12 na ampea 1.5 hizo ni wati 18, yaani umewasha kitu cha wati 18 ndani ya begi jeusi, juani, halafu ukalifunga nailoni! Nailoni toa. Bodi ya chuma ya risiva ndo inatoa joto, usizibananishe wala kuzizungushia sponji, acha upana wa kidole katikati. Zipu fungua juu na chini, hewa ya moto ipande itoke. Na mwavuli mkubwa, kivuli cha mnazi kinahama kabla hamjamaliza sini.

kijana_wa_tasuba: Mi huwa naweka chupa ya maji ya barafu pembeni ya risiva, inasaidia

fundi_raskazone: Mdogo wangu acha kabisa hiyo. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, chuma kikipoa kinatoka jasho kama chupa ya soda, hayo maji yakikutana na chumvi kwenye plagi ni kutu. Hata mkitoka chumba cha AC asubuhi, begi liache limefungwa mpaka lizoee joto la nje ndo ufungue. Feni ndogo sawa ila izime mkirekodi, mota yake inaweza kuingia kwenye sauti.

mama_bumu: Na betri ikitoka ya moto usiichomeke chaja hapohapo, nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi 45. Iache ipoe.

sauti_pwani: Wakuu nimerudi. Leo nimetoa nailoni, nikaweka vipande vya mbao katikati ya risiva, kijana mmoja kashika mwavuli, mpaka saa tisa haijazima hata moja. Zina uvuguvugu tu. Chumvi naifuta jioni kwa kitambaa kikavu. Sini ya machozi tunairudia kesho saa moja asubuhi, nimemwomba dairekta tuimalize kabla jua halijapanda na amekubali.