Naomba ushauri: ndege isiyokuwepo kwenye skrini

Wakuu, ninarusha ndege ndogo ya kukodi kutoka Kajjansi, Uganda. Juu ya Ziwa Victoria, kuelekea visiwa vya Ssese, kishikwambi changu kilichounganishwa na kipokezi cha kubebeka cha ADS-B (mfumo ambao ndege hutangaza kwa redio mahali zilipo) huonyesha ndege nyingine nyuma yangu, chini kidogo, ikigeuka kila ninapogeuka, ilhali dirishani hakuna kitu. Nashuku ni mawimbi ya transponda yangu mwenyewe (kifaa cha redio kinachoitambulisha ndege), ya 1090 MHz, iwapo programu, ambayo huitambua ndege yangu kwa msimbo wake wa utambulisho wa biti 24, imebaki na msimbo wa ndege nyingine. Je, kurekebisha msimbo kunatosha, au transponda za zamani zisizotuma mahali zilipo, ambazo umbali wake hukisiwa kwa nguvu ya mawimbi, nazo huleta mzuka huu? Kuficha kila kilicho karibu sikutaki. Huenda kimojawapo ni ndege kweli.