Kijana wa mtaa amevunjwa mkono na polisi, kituoni hakuna OB. Tuanzie wapi?

mkaazi_eastlands

Habari zenu wadau, naomba ushauri wa watu wanaojua hizi mambo juu huku mtaani kila mtu anasema lake na muda unaenda. Iko hivi, Jumatano usiku polisi walikuja na landikruza wakasimama pale kwa kona vijana hukaa wakiangalia mpira, wakaanza kupiga watu rungu kabla hata ya kuuliza mtu kitambulisho. Wengi walitoroka. Kijana mmoja jirani yangu, anauza smoki na mayai hapo steji, hakukimbia kwa sababu alikuwa anafunga kibanda chake na hakuona kosa lake ni gani. Walimpiga mpaka mkono ukavunjika, wakamtupa ndani ya gari, akalala seli na huo mkono, asubuhi wakamwachilia bila kumshtaki na bila kumwambia alishikwa kwa nini. Simu yake mpaka leo hajarudishiwa.

Mama yake akaenda kituoni kuripoti, akaambiwa hakuna gari lilitoka usiku huo na kama kijana wake amepigana na wenzake asisingizie polisi. OB namba, ile ya kuonyesha ripoti imeandikwa kwa kitabu cha matukio cha kituo, hakupewa. Sasa mama ameingiwa na woga, anasema tuache tu hayo maneno wasije wakamrudia mtoto. Siwezi kumlaumu, huku kwetu tumezika vijana na hakuna aliyewahi kujibu.

Maswali yangu ni mawili. Mtu akinyimwa OB anaenda wapi? Na la pili, kuna watu kadhaa hapa mtaani, wazee wawili wa nyumba kumi, mama wa kanisa, vijana wa boda, tunataka tuwe na kikundi cha kufuatilia hizi kesi sio kulia tu kwa grupu ya WhatsApp halafu wiki inaisha tunasahau. Kikundi kama hicho kinaanzaje na kinafanya nini hasa?

Njeri_wa_haki

Pole sana kwa kijana na kwa mama. Mimi ni msaidizi wa sheria wa kujitolea kwa kituo kimoja cha haki cha mtaa, hizi kesi ndizo tunashinda nazo. Kabla ya mambo ya kikundi, kijana ameenda hospitali? Kama bado aende leo, sio kesho. Hospitali ya serikali ikiwezekana. Amwambie daktari waziwazi kwamba alipigwa na polisi, lini na kwa kitu gani, na ahakikishe daktari ameandika hivyo hivyo kwa karatasi. Watu wengi wanaogopa wanasema nilianguka, halafu miezi sita baadaye hiyo karatasi ya "alianguka" ndiyo wakili wa polisi anasoma kortini. Achukue eksirei yake, achukue karatasi ya matibabu, apige picha kila kitu na zile alama za rungu mgongoni kabla hazijapotea, picha moja ya karibu na nyingine inayoonyesha uso ili ijulikane ni yeye.

OB sasa. Hamlazimiki kurudi kituo kilekile. Nendeni kituo kingine, na mkienda msiende na mama peke yake, nendeni watu watatu au wanne, mmoja akiwa mzee anayeheshimika. Ombeni OB namba na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, fomu yenyewe ni ya bure, daktari ndiye anaijaza. Mkinyimwa na huko, andikeni jina la kituo, saa, na namba ya askari aliyekuwa kwa dawati. Kunyimwa nako ni malalamishi yanayojitegemea.

Halafu IPOA, ile mamlaka huru ya kuchunguza malalamishi dhidi ya polisi. Huhitaji wakili, hulipi kitu, unaweza kupeleka kwa mdomo wakuandikie au upeleke barua. IPOA haiko chini ya polisi, iliundwa kwa sheria ya 2011 baada ya ghasia za uchaguzi zilizotupata 2007 na 2008, wakati tume ya Jaji Waki ilipohesabu watu 1,133 waliouawa na 405 kati yao wakiwa wamepigwa risasi. Kwa hivyo usikubali mtu akwambie hicho ni kiofisi cha wazungu, kimelipiwa na damu ya Wakenya.

Kadzo_Mvita

Dada Njeri kasema yote ya muhimu, miye naongeza la vidio maana huku Mombasa limetuponza mara nyingi. Kama kuna mtu alirekodi hiyo Jumatano, mwambieni asiifute wala asiikate wala asiitie muziki, na asiwatumie nyinyi kwa WhatsApp akadhani ameshaihifadhi. Ikipita WhatsApp inapungua ubora na zile habari za tarehe na saa zinapotea. Ile ya asili ibaki kwa simu iliyochukua, na nakala iwekwe kwa memori kadi kwa mtu mwengine kabisa, nyumba nyengine. Kortini watahitaji cheti cha kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi, yaani mwenye simu atie sahihi kwamba ni yeye aliyerekodi na kwa simu gani, sasa kama hamumjui mwenye kurekodi mtaipoteza vidio nzuri hivi hivi.

Na msiitie mtandaoni nyuso za vijana walioshuhudia. Watu huona uchungu wakaposti kila kitu, kesho yake yule shahidi anatafutwa.

Tena mtazame kama namba ya gari inaonekana. Magari yao mengi yana namba inayoanza na GK. Hata herufi mbili tatu zikisomeka zinasaidia, kwa sababu kituo kina kitabu cha safari za magari na cha silaha, nani kachukua bunduki saa ngapi kairudisha saa ngapi na risasi ngapi, na mpelelezi akipewa namba na saa anajua aanze kufungua ukurasa gani. Huku kwetu mashirika ya haki kama MUHURI na Haki Africa husaidia sana watu, huko Nairobi mna IMLU, wao wana madaktari na huwashughulikia walioteswa. Wapigieni.

bwana_Kip

Niseme kitu na naomba msinirushie mawe. Ndugu yangu ni polisi, Eastlands hukohuko. Analala kwa nyumba ya mabati ambayo wanagawana na familia nyingine kwa pazia, anafanya zamu mbili, ameona wenzake wakipigwa risasi na majambazi wa miaka kumi na tisa. Na hao wakaazi ambao wanalia leo ndio mwezi jana walikuwa wanapiga simu polisi waje wamalize vijana wanaopora watu simu steji. Hicho kikundi chenu kisije kikawa cha kutetea wezi. Mimi sisemi kijana alistahili kuvunjwa mkono, hapana, nasema tu muangalie pande zote.

Njeri_wa_haki

Bwana Kip hakuna mawe, asante kwa kusema. Hali ya nyumba za polisi ni aibu na sisi huwa tunaisema kwa mikutano yetu, na ndugu yako akidhulumiwa na mkubwa wake hata yeye anaweza kupeleka malalamishi.

Lakini hiyo ya wakaazi kuita polisi "waje wamalize vijana", hapo ndipo mtaa wenyewe unajichimbia. Nimekaa na mama ambaye alishangilia polisi walipoua kijana wa jirani, walisema ni mwizi, na mwaka uliofuata akawa kwa ofisi yetu na picha ya mwanawe mwenyewe. Kijana akiwa mwizi apelekwe kortini, Katiba kifungu 49 kinasema ndani ya saa 24. Hakuna kifungu kinachompa mtu wa doria kazi ya hakimu.

Na kikundi kizuri kinasaidia pia polisi anayefuata sheria, kwa sababu sheria yao wenyewe iko wazi. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi, isome Bwana Kip, mpe ndugu yako asome. Polisi ajaribu kwanza njia isiyo ya nguvu. Akitumia nguvu iwe kiasi kinacholingana na kosa na upinzani alioupata. Akiumiza mtu ampeleke atibiwe haraka na jamaa zake wajulishwe. Mkubwa wa polisi akikuamuru uvunje hiyo sheria, amri yake haikuokoi. Na aliye na sare lazima jina au namba yake ionekane. Sasa jiulize, huyu kijana alilala seli na mkono umevunjika, nani alimpeleka hospitali? Nani alimpigia mamake? Hata tukisema ati kulikuwa na sababu ya kumpiga, ambayo haikuwepo, bado sheria imevunjwa usiku kucha.

dere_wa_Mlolongo

Mimi nimesoma hapa nikanyamaza lakini lazima mtu amwambie huyu ndugu ukweli. Josephat Mwenda alikuwa mtu wa boda tu kama hao vijana wenu. 2015 polisi akampiga risasi mkononi, akafanya kila kitu mnachosema hapa, akaenda IPOA, akapata wakili. Kilichofuata ni kubambikiwa kesi juu ya kesi ili aondoe malalamishi. Tarehe 23 Juni 2016 wakitoka korti ya Mavoko, yeye na wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri, wakatekwa, wakafungiwa kwa kambi ya polisi Syokimau, na baada ya siku kadhaa miili ikatolewa mtoni huko Ol Donyo Sabuk. Muiruri hakuwa hata na kesi, alikuwa amebeba abiria. Sisi madereva hiyo kitu haijawahi kututoka. Kwa hivyo huyo mama akiogopa msimwambie ni ujinga.

Njeri_wa_haki

Hakuna anayemwambia ni ujinga, na umefanya vizuri kuwataja wote watatu kwa sababu Muiruri watu humsahau. Lakini kaka malizia hiyo hadithi. Kimani akiwa kwa ile seli aliandika kwa karatasi ya choo kwamba yuko hatarini mke wake apigiwe simu, akaitupa nje, na mtu wa kawaida aliyepita akaiokota na akapiga. Hapo ndipo uzi ulianza kushikika. Mawakili waliandamana nchi nzima, wanaboda waliandamana, na Julai 2022 korti iliwapata na hatia polisi watatu na mpasha habari wao, na Februari 2023 Leliman, yule polisi aliyempiga Mwenda risasi, akahukumiwa kifo, wengine miaka 30, 24 na 20. Ni miaka sita na zaidi, ndiyo. Hukumu haikurudisha mtu, ndiyo. Lakini ile kesi ilisimama kwa sababu kulikuwa na karatasi na kulikuwa na watu ambao hawakuacha.

Ninachofunza kwa hiyo kesi ni kwamba mlalamishi asiachwe peke yake, ata siku moja. Akienda korti asindikizwe, akirudi mtu ajue amefika. Nakala ya faili ikae na kituo cha haki, nyingine na wakili, nyingine kanisani. Mtu akitishwa hilo tishio liandikwe siku hiyohiyo, na kuna Shirika la Ulinzi wa Mashahidi, omba mapema, usingoje mpaka wabishe hodi usiku.

nyar_Nyalenda

Naunga Njeri mkono. Hapa Kisumu tumejifunza kusubiri kwa uchungu. Mtoto Samantha Pendo alikuwa na miezi sita tu, Agosti 2017 polisi waliingia nyumba kwa nyumba usiku baada ya uchaguzi akapigwa kichwani mikononi mwa mamake. Uchunguzi wa korti 2019 ukasema makamanda wa polisi wabebe lawama. Mashtaka nayo yalikuja miaka mingine baadaye. Wazazi wangekuwa wamenyamaza hata hiyo moja isingekuwepo.

Kitu ambacho hamjataja na Mungu awaepushie, ni mtu akifa. Familia isikubali maiti ipasuliwe bila daktari wao kuwepo, na haraka ya kuzika izuiliwe kwa upole. Mmeona ya mwalimu Albert Ojwang Juni 2025, alishikwa Homa Bay akapelekwa Nairobi akafia mikononi mwa polisi, wakasema amejigonga kwa ukuta, madaktari walipopasua wakakuta ameumizwa kichwa, amekabwa shingo na mwili una majeraha mengi. Bila madaktari mngekuwa bado mnaambiwa ya ukuta. Sheria ya kuwa na ofisi huru ya korona, yaani afisa wa kuchunguza vifo vya kutatanisha, ilipitishwa 2017, imekaa miaka na miaka bila ofisi kuanza, hiyo nayo ni kazi ya vikundi kama chenu, msumbue mbunge wenu aseme inangoja nini.

mkaazi_eastlands

Asanteni sana wote, hata Bwana Kip. Nimeonyesha mama hii mazungumzo jioni hii, nimemsomea yote. Kijana ameshaenda hospitali, wamemwekea plasta na daktari ameandika kwamba alipigwa na polisi. Mama amekubali twende IPOA lakini anataka jina lake lisitokee kwa magazeti wala mtandaoni, tumemwahidi. Vijana wawili wa boda wana vidio, ya mmoja namba ya gari inaonekana nusu, simu zote mbili hazijaguswa. Kikundi tumeanza watu saba, tutakutana kwa ukumbi wa kanisa. Swali la mwisho, kwa daftari la kikundi tuandike nini na nani alibebe? Tusije tukakuta daftari lenyewe limekuwa orodha ya mashahidi kwa mtu mbaya.

Njeri_wa_haki

Hilo ni swali zuri. Wekeni mbili. La kwanza lina tukio tu, tarehe, saa, mahali, nini kilifanyika, gari, namba au sura ya askari, hospitali gani, OB namba, hatua ipi imechukuliwa na ipi inangoja, na kila shahidi mpe alama kama S1, S2. La pili lina majina na simu za hizo alama, na hilo lisilale mtaani kwenu, tuleteeni sisi au mpeni wakili. La kwanza abebe yule mama wa kanisa, sio kijana, kijana akisimamishwa na daftari kama hilo usiku ni shida. Na kila mkikutana muanze kwa kusoma zile hatua zinazongoja, moja moja, nani alienda wapi akaambiwa nini. Jumatatu mkienda IPOA niambieni saa nitawangojea nje ya ofisi, mama aje na kitambulisho chake, karatasi za hospitali nakala tatu tatu, na kijana avae shati la mikono mifupi lisimsumbue na hiyo plasta maana atatakiwa kuonyesha mgongo.